Uzi wa Kijumba cha Mvua

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja. Hapana, hapo nimekosea. Sabini na moja ndio mwaka daraja la mtoni lilipochukuliwa na maji, na mvua ya mwaka ule kila mwenye macho aliiona inakuja. Huu unaosimuliwa hapa ni mwaka uliofuata, sabini na mbili, mwaka ambao mvua iliingia bila kupiga hodi. Mwenyewe Sekunde hata leo akiulizwa hutaja sabini na mbili, halafu huinamia tena saa aliyoifungua, kama mtu aliyeguswa kidonda.

Sekunde alikuwa fundi saa. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu kila aliyekwenda kuulizia saa yake alijibiwa, "Sekunde moja tu, namalizia," na sekunde ile iliweza kula wiki mbili. Kibanda chake kilikuwa kati ya duka la viatu na kinyozi, chembamba kama droo iliyovutwa ikasahauliwa. Ukiingia ulisikia saa za watu zikigonga kila moja kwa mwendo wake, kama ndugu wanaobishana bila kusikilizana. Palikuwa na meza, taa ya shingo ndefu, lenzi ya kuvaa jichoni, na kifuniko cha bati la biskuti ambamo alitupia kila alichokitoa ndani ya saa: springi zilizokatika, skrubu zilizolika, vipande vya kamba, vigurudumu vilivyong'oka meno. Hakuwa mtu wa kutupa. Alisema kitu kikitoka ndani ya saa bado kina haki ya kukaa karibu na saa.

Katika mji ule alikuwa na ndugu mmoja tu wa damu, dada yake mkubwa, mwanamke wa maneno machache na mikono mipana, aliyeolewa na mfyatuaji wa matofali. Huyo dada Sekunde alimwita Dada, mumewe alimwita Shemeji, na Shemeji naye alimwita Sekunde shemeji, wakawa mashemeji wawili wanaopendana sana. Kiwanja cha matofali kilikuwa nyuma ya nyumba yao. Shemeji alikanyaga udongo, akaujaza kwenye kalibu ya mbao, akageuza, akanyanyua, tofali likabaki chini limelala limelowa kama mkate usiookwa. Kisha likaanikwa, likapangwa, mpaka zamu ya tanuri. Nusu ya nyumba za mtaa zilisimama kwa mikono yake. Yeye mwenyewe na mkewe na watoto waliishi kwenye mabati.

Sasa, kijumba. Kijumba kilitoka kwa baba yao, ambaye alikuwa mlinzi wa stesheni ya reli. Mkuu wa stesheni alikuwa na ugonjwa wa kutabiri hali ya hewa. Ukutani ofisini alitundika kipimo cha shaba chenye mshale, kimeandikwa MVUA upande huu na JUA upande ule, na kila asubuhi kabla ya chai alikigonga kioo kwa kidole, mshale ukaruka kidogo, akaguna kama daktari. Juu ya paa aliweka jogoo wa bati wa kuonyesha upepo. Jogoo yule alishikwa na kutu mapema, akawa anaelekea kantini mwaka mzima, na wabeba mizigo wakasema huyo si jogoo wa upepo, ni jogoo wa njaa. Mkuu alipohamishwa aliondoka na kipimo chake cha shaba, jogoo akaiachia serikali, na baba yao akamwachia kijumba.

Kilikuwa kijumba cha mbao, kimo chake kama shubiri, chenye milango miwili mbele. Ndani, kijiti kimelazwa, kimening'inizwa katikati kwa uzi mmoja. Ncha moja ya kijiti amesimama mwanasesere mwanamume mwenye mwavuli, ncha nyingine mwanamke mwenye kikapu cha maua. Hewa ikiwa kavu, kijiti hujigeuza, Bibi akatoka kwenye mlango wake. Hewa ikipata unyevu, Bibi huingia, na Bwana akatoka na mwavuli wake. Nyumbani kwao haikusemwa "mvua inakuja." Ilisemwa "Bwana anatoka." Na mama yao, Mungu amrehemu, alikuwa akiwatazama wale wawili na kutikisa kichwa: "Ndoa gani hii? Akiingia huyu, anatoka yule. Wataonana lini wagombane?"

Baba alipofariki, Sekunde alipewa filimbi ya kazini na koti zito lenye vifungo vya shaba. Kijumba alipewa Dada, kwa sababu mtu wa matofali ana haja ya kujua mvua kuliko mtu wa saa. Ilikuwa haki. Sekunde mwenyewe alisema ni haki, mbele za watu. Lakini tangu utotoni alikuwa amekitamani kile kijumba kuliko kitu chochote, na filimbi hakuwahi kuipuliza.

Basi siku moja ya kiangazi paka akaruka dirishani kwa Dada, kijumba kikaanguka, paa likabanduka. Dada akakifunga kwenye kitambaa akakileta kibandani.

"Paa tu," alisema. "Lipige gundi, basi. Ndani usiguse."

"Dada, mimi ni fundi."

"Ndiyo maana nakwambia usiguse. Wewe ukiona skrubu hupati usingizi."

"Sekunde moja tu, kitakuwa tayari."

"Sekunde zako nazijua. Nakuja keshokutwa."

Alipoondoka, Sekunde alivaa lenzi yake. Paa likiwa limebanduka, ndani palikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza maishani akauona ule uzi. Alisikitika. Ulikuwa wa utumbo wa mnyama, umesokotwa, umekauka, rangi ya njano kama ukucha wa mzee. Ukiupumulia tu ulijinyonganyonga. Katika kazi ya saa, uzi wa namna hiyo ni aibu. Saa kubwa za ukutani huning'iniza vizito vyake kwa uzi, na uzi mzuri ni ule usiosogea: usinyooke kwa joto, usilegee kwa unyevu, usijizungushe. Mwalimu wake wa kazi alimchapa makofi ya mgongo kwa ajili ya uzi uliojizungusha. Basi akaufungua ule uzi wa utumbo, akautupa kwenye kifuniko cha bati pamoja na takataka nyingine, akachukua nailoni, ile ngumu, ile aliyowawekea wateja wakubwa tu. Akaifunga kwa fundo lake bora. Siku ile jua lilikuwa kali, kwa hiyo akamweka Bibi nje anapostahili kuwa, akarudisha paa. Akakitikisa kijumba. Wanasesere wametulia kama picha. Akafurahi mpaka akapiga mluzi.

Dada alipokuja, Sekunde akampa kwa mikono miwili. "Nimekuwekea na uzi mpya. Huo utawazika wajukuu zako."

Dada akakunja uso. "Nilisema paa."

"Zawadi yangu."

Mdogo wake hakuwa mtu wa zawadi, kwa hiyo Dada akalegea, akatabasamu. "Haya. Asante, mdogo wangu."

Na kiangazi kikaendelea, jua juu ya jua. Kila asubuhi Shemeji akichungulia dirishani, Bibi yuko nje na kikapu chake. Akipita na mkokoteni mbele ya kibanda alipaza sauti mtaa mzima usikie: "Shemeji! Yule Bibi umemtibu kweli! Zamani alikuwa na wasiwasi, mara mlangoni, mara ndani, kama mke anayemsubiri mlevi. Siku hizi anasimama wima kama askari!"

"Ndiyo kazi yangu, shemeji!"

"Hajakosea hata siku moja!"

Hakika hakuwa amekosea. Hata saa iliyosimama, ukiitazama wakati unaofaa, haina kosa. Sekunde alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini, na halikumjia.

Matofali ya kiangazi kile hayakuwa ya mteja. Yalikuwa yao. Baada ya kufyatulia watu maisha yake yote, Shemeji alikuwa amesema mwaka huu tunatoka kwenye mabati, na kiwanja kizima kilijaa matofali mabichi ya nyumba yao wenyewe, yamepangwa kuta kwa kuta yakingoja tanuri. Walikuwa wamefikia hatua ya kubishana rangi ya mlango. Siku yenyewe Dada alikwenda kwa seremala, upande wa pili wa mji, kuchagua huo mlango. Alipotoka alimwambia mumewe, "Ukiona Bwana anatoka, funika." Turubai lilikuwa limekunjwa kando ya ukuta. Kufunika si kazi nyepesi, na tofali lililofunikwa halikauki, kwa hiyo hakuna anayefunika kwa kubahatisha.

Mchana ule Sekunde alikuwa na lenzi jichoni aliposikia mabati ya kibanda yakipigwa kama ngoma. Kinyozi alitoka nje na mkasi mkononi akacheka: "Mvua? Mwezi huu? Au mbingu nazo zimekuletea saa utengeneze, zimepotea tarehe?" Watu wakakimbilia barazani. Sekunde naye akacheka. Alikuwa bado anacheka pale mwanamume mmoja wa kule viwanjani alipoingia amelowa chapachapa.

"Fundi, wahi. Shemeji yako ameangukiwa na matofali."

Alikuta wamemlaza kwenye mkokoteni wake mwenyewe. Mvua ilikuwa imeyalainisha matofali ya chini, na alipokimbia na turubai kuyaokoa, ukuta mzima wa matofali mabichi ukamlalia miguuni. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu. Aliposikia sauti ya Sekunde alimshika koti.

"Bibi alikuwa nje," alisema. "Mwambie dada yako. Bibi alikuwa nje."

Dada aliwakuta njiani, anakimbia, khanga imemganda mwilini. Hakulia. Alishika ubavu wa mkokoteni, akageuza kichwa tu: "Sekunde, nenda nyumbani ukachukue shuka na nguo zake, utukute hospitali."

Kwa hiyo Sekunde akaingia peke yake katika nyumba ile ya mabati, mvua ikitwanga juu, maji yakipita mlangoni, kiwanjani nyumba nzima ya watu inayeyuka kuwa tope. Na pale dirishani Bibi alikuwa amesimama nje na maua yake, anatabasamu.

Kwanza alidhani kijiti kimekwama. Akakisukuma kwa kidole. Kilisogea, kikarudi palepale. Akakipumulia. Akalowesha kidole, akakipenyeza mlangoni, akagusa uzi. Uzi wake mzuri haukusogea. Ulikuwa uzi usiosogea, na ndio uliokuwa fahari yake. Akakitia kijumba ndani ya koti, akakimbia nacho kibandani, akawasha taa, akainamia kifuniko cha bati. Ule uzi wa utumbo ulikuwa pale, lakini si kama alivyoutupa. Ulipotupwa ulikuwa umejikaza kama springi. Sasa, kwa unyevu wa siku ile, ulikuwa umejifungua taratibu na kunyooka kati ya springi na skrubu, peke yake, bila kuulizwa na mtu, ukisema mvua. Haukuwa umechakaa. Ndio uliokuwa ukitabiri. Kijumba, wanasesere, mwavuli, vyote vilikuwa mapambo ya uzi ule.

Akabandua paa. Alitoa nailoni, akaurudisha uzi wa zamani kwenye fundo lake, akabandika paa. Haukupita muda, Bibi akaanza kurudi nyuma, polepole, na Bwana akatokeza mwavuli wake, halafu pua, halafu yeye mzima. Sekunde akakirudisha kijumba dirishani kwa Dada, akachukua shuka na nguo, akaenda hospitali.

Ukimuuliza kama alikuwa anaficha, angekula kiapo kwamba la. Alikuwa anatengeneza. Ameona kitu kimeharibika, amekitengeneza, kama afanyavyo kila siku. Alitaka tu kosa lisiwe limekuwepo. Hakujua alichokifanya mpaka kesho yake asubuhi, wodini.

Shemeji alikuwa amefungwa plasta mguu wote. Dada alikuwa ameenda nyumbani alfajiri kutazama kilichobaki, na aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda, akaongea kwa utulivu, na utulivu wa Dada ulikuwa kitu cha kuogopwa.

"Ulisema Bibi alikuwa nje."

"Alikuwa nje, mama watoto."

"Nimetoka nyumbani sasa hivi. Bwana yuko nje mpaka anataka kuanguka."

"Leo, sawa. Lakini jana..."

"Jana mvua ilikuwa kubwa kuliko leo! Jirani anasema alikuita ufunike, alisikia radi. Anasema ulikuwa umejilaza kivulini."

"Nilimjibu! Nilimwambia bado, Bibi yuko nje."

"Kile kijumba kimemtumikia baba mpaka anakufa, hakijamdanganya hata mara moja. Na huyu hapa amekitengeneza juzi juzi." Akamgeukia mdogo wake. "Sekunde, wewe ndiye fundi. Mwambie. Kinaweza kukosea?"

Sekunde alifungua mdomo. Alikuwa na nailoni mfukoni mwa shati, imejikunja pale pale juu ya moyo. Neno moja lingetosha.

"Sekunde moja, Dada," alisema. "Vifaa... vifaa ni vifaa."

Jibu la namna hiyo kila mtu hulisikia anavyotaka. Dada akamgeukia mumewe. "Umesikia. Sema tu ulilala. Kulala nitakusamehe, umechoka, wewe ni binadamu. Uongo sitausamehe."

Shemeji aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Alikuwa nje," alisema, chini kidogo kuliko mara ya kwanza, akageukia ukuta.

Mguu uliunga vibaya. Mtu wa mguu ule hawezi kukanyaga udongo, kwa hiyo Dada akajifunga kibwebwe akashika kiwanja yeye mwenyewe, na Shemeji akawekewa kiti dirishani, kando ya kijumba, mkongojo magotini. Dada akirudi ndani, Shemeji anajikokota nje kuota jua. Shemeji akiingia, Dada anatoka kazini. Mama yao angewaona angetikisa kichwa. Nyumba ya matofali haikujengwa. Mlango uliochaguliwa ulibaki kwa seremala mpaka akamuuzia mtu mwingine.

Wala Dada hakuwa mwanamke mbaya. Alimlisha mumewe, alimwogesha, alimkanda mguu kwa maji ya moto. Ila neno lake hakuliamini tena. Shemeji akisema jirani amepita kuulizia tanuri, Dada alijibu, "Kama Bibi alivyokuwa nje?" Akisema dawa amekunywa: "Kama Bibi alivyokuwa nje?" Ikawa msemo wa nyumba ile. Watoto wakaudaka, mtoto akisema amenawa mikono mwenzake anamuuliza, Bibi yuko nje? Wanacheka. Mwanzoni Shemeji alikuwa akikasirika. Baadaye alinyamaza. Mwishowe akaanza naye kucheka, na siku Sekunde alipomsikia akicheka ndipo aliposhindwa kumaliza chai yake.

Nafsi ilimsuta, na alijaribu kuinyamazisha kwa kazi. Akawa anafunga kibanda siku za mapumziko na kwenda kumkanyagia dada yake udongo, yeye na miguu yake ya fito, suruali imekunjwa mpaka magotini. Wafyatuaji wengine wakamtania: "Fundi, hapo chini hakuna saa imepotea!" Akawapelekea Dada na mumewe sukari, akawatengenezea redio, akawapigia rangi mabati. Na Dada akawa anamsifu mbele za watu: "Ndugu ndiye huyu. Wengine wana ndugu wa damu, mimi nina ndugu wa udongo." Kila sifa ilimwingia kama sindano. Mara ngapi alisimama mlangoni pao akijiambia leo nasema? Sekunde moja, anywe chai kwanza. Sekunde moja, watoto watoke. Watoto walitoka, wakaoa, wakaolewa, wakaleta wajukuu, na sekunde ile ilikuwa bado haijaisha.

Iliishia kwa mjukuu, kitoto cha kike kilichokuwa kinaanza kupoteza meno ya mbele. Sekunde alikuwa ameketi na Shemeji dirishani. Shemeji akawa anamsimulia mjukuu jinsi alivyofyatua matofali ya zahanati nzima peke yake, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, zahanati ile ipo. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho, akamgusa goti kwa huruma.

"Babu, hiyo ni ya kweli au ni ya Bibi alikuwa nje?"

Shemeji akacheka, akamfuta makamasi, akamtuma akacheze. Mtoto alipotoka, Sekunde akajikuta ameshaanza kusema, bila salamu wala utangulizi. Akasema paa, akasema uzi, akasema nailoni. Akasema alivyoingia na kumkuta Bibi nje mvua inanyesha, na alivyokimbia kurudisha uzi wa zamani, na ndiyo sababu Dada alimkuta Bwana asubuhi. Akaitoa ile nailoni mfukoni, kwa maana alikuwa akiihamisha kutoka shati hadi shati miaka yote ile, akaiweka juu ya dirisha.

Alingoja matusi. Alingoja mkongojo. Shemeji aliigusa nailoni kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa mdudu asiyemjua. Kisha akainua macho, na usoni mwake hapakuwa na hasira hata kidogo. Palikuwa na mshangao.

"Kwa hiyo alikuwa nje kweli?" akauliza.

Sekunde akamkazia macho. Mtu ambaye tangu siku ile alikuwa akisema Bibi alikuwa nje, aliyelisema kwenye mkokoteni, aliyelisema wodini na mguu umevunjika, sasa anauliza kama ni kweli. Aliuliza kwa sababu amechekwa mpaka akaacha kuyaamini macho yake mwenyewe? Au aliuliza kwa sababu siku ile hakutazama dirishani kabisa, alikuwa amejilaza kivulini kama jirani alivyosema, na neno lile lilimtoka tu kinywani kama mtoto aliyefumaniwa?

Kabla Sekunde hajajibu, Dada akaingia, udongo mpaka viwikoni. Akaiona nailoni. Akaona nyuso zao.

"Kuna nini?"

"Dada, kaa."

"Nina tope, sikai. Sema."

Akamwambia yote, amesimama wima kama mwanafunzi, na safari hii hakuomba sekunde. Dada alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, Dada alitoka nje, wakamsikia ananawa mikono kwenye beseni, ananawa muda mrefu kuliko tope lilivyohitaji. Aliporudi hakumtazama mdogo wake. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti cha mumewe, mwanamke ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti.

"Baba watoto," alisema, "ulisema kweli. Nimekuita mwongo katika nyumba yako. Nisamehe."

Shemeji akamwekea mkono kichwani. "Yamepita, mama watoto. Inuka." Lakini juu ya kichwa cha mkewe macho yake yalikuwa kwa Sekunde, na hayakuwa macho ya mtu aliyeshinda kesi.

Kisha Dada akainuka, akakiondoa kijumba dirishani, akampa Sekunde kwa mikono miwili, kama yeye alivyompa zamani.

"Nilisema paa tu," alisema. "Chukua. Filimbi ya baba unayo, koti lake unalo. Sasa una vyote."

Hivyo ndivyo Sekunde alivyopata kitu alichokitamani tangu utotoni. Akakitundika ukutani kibandani, juu ya meza, mahali ambapo kila akiinua macho lazima akione. Dada hakumkatia salamu. Akipita mbele ya kibanda husema, "Hujambo," na yeye hujibu, "Sijambo, Dada," na husubiri neno la pili, lakini miguu yake haipungui mwendo. Habari nyingine alizipata kwa watu. Walisema siku zile Dada akimaliza kazi alikaa nje na mumewe benchi moja, na alisikiliza hadithi za matofali ya zahanati kama hajawahi kuzisikia. Msemo ule wa Bibi ulifutwa katika nyumba ile. Mtoto akiusema alifinywa. Kinyozi, ambaye hana siri, alimwambia, "Fundi, dada yako na mumewe wamekuwa kama wachumba. Umewapa dawa gani?"

Sekunde alifurahi, kwa kweli alifurahi. Halafu alikaa usiku mmoja baada ya mwingine akijiuliza hiyo furaha yao amewajengea kwa udongo gani.

Shemeji aliendelea kumtembelea. Alikuja na mkongojo wake, akaketi kwenye kigoda, akaleta saa ya mkononi isiyokuwa na ubovu wowote, na Sekunde akaifungua na kuifunga tena, wote wawili wakijua haina ubovu. Waliongea habari za kila kitu. Siku moja ya mawingu mepesi, hewa haijaamua, kijiti cha kijumba kilikuwa kimesimama katikati, Bwana na Bibi wote wawili wako mlangoni, hakuna aliye ndani, hakuna aliye nje. Shemeji alikuwa akiwatazama na kutabasamu. Na Sekunde akauliza.

Alijua kwamba hana haki ya kuuliza. Mtu amemnyima mwenzake heshima miaka yote ile, halafu anamwomba amrudishie usingizi. Lakini aliuliza, kwa sauti ya chini, bila kuinua jicho kwenye lenzi. Shemeji aliendelea kuwatazama wale wanasesere. Kisha akanyoosha mkono akaichukua saa yake mezani, akaivaa, akaisikiliza sikioni, akasema, "Inatembea vizuri," akashika mkongojo na kwenda zake. Alikuja tena mara nyingi baada ya hapo, mpaka safari ile ambayo jeneza lake lilipita mbele ya kibanda, na Dada nyuma yake, na swali likabaki palepale juu ya meza kati ya springi na skrubu.

Alikuwa amemuuliza hivi tu: "Shemeji, siku ile, kabla ya mvua, ulimwona Bibi kwa macho yako, au ulikuwa umelala?"